Mwaka Wenye Tulisukuma Pikapu

Muriithi ametuacha. Msichana wake Njoki ndiye alinipigia simu, nikiwa nimekaa kwa stuli namenya viazi, na nilijua kabla hajasema, kwa sababu alianza kuniuliza habari ya ng'ombe. Mtu wa mjini akikupigia asubuhi hivyo akuulize ng'ombe yako iko aje, wewe weka kisu chini. Mzee wangu Kariuki alikuwa nje kwa jua na redio yake. Nikaenda nikasimama mbele yake mpaka akaizima. Nikamwambia, “Muriithi amelala.” Akaangalia barabara ya kushuka mtoni, akaangalia mikono yake, halafu akaniuliza, “Na viatu zangu nyeusi ziko wapi?” Hiyo tu. Nimekaa na huyu mwanaume miaka mingi na najua akiumia anatafutanga kitu. Basi tukatafuta viatu.

Mimi shule nilifika pale watoto wanaanza kugawa hesabu, nikatoka, kwa hivyo mimi naongea, na mjukuu wangu Wangui anaandika. Ananiambia, “Cucu, anza na wazazi wako.” Nikamwambia wazazi wangu wapumzike, walifanya kazi ya kutosha. Nataka kuongea juu ya mwaka mmoja tu, ule wenye nilikuwa bibi mpya, kwa sababu tangu hiyo simu ya Njoki mabega zangu zinauma kama ni jana. Huo mwaka nikiukumbuka, si gari inakuja kwanza. Ni mabega.

Tulikuwa tunakaa Nyeri, upande wa chini wa mji, kwa chumba ya mbao nyuma ya gereji. Hiyo chumba ukinyoosha mkono unagusa jirani. Kitanda, jiko, sanduku ya nguo, na dirisha ndogo ya kuangalia magari yenye yamekufa. Baridi ya mlima ilikuwa inaingia kwa nafasi za mbao, mimi naziba na magazeti, panya anakula magazeti, naziba tena. Lakini ilikuwa yangu. Mtu mwenye hajapika kwa jiko ya mama ya mtu mwingine hawezi kujua nasema nini. Hapo nikitaka kutia chumvi natia, na hakuna mtu anaonja akinyamaza. Mchana nilikuwa nawapikia mafundi githeri ya mahindi na maharagwe, na Kariuki akirudi anakula na wao. Yeye na Muriithi walikuwa na sufuria yao moja na vijiko mbili, hawapimiwi. Walikuwa wametoka ujana pamoja hao, mmoja akianza hadithi mwingine anaimaliza. Muriithi ndiye alikuwa fundi wa injini, mtu mrefu, mpole, mwenye alikuwa ananawa mikono baada ya kazi na kabla ya kazi pia, wenzake wanamcheka wanamwita daktari. Kariuki alikuwa na pikapu, ya kubeba maziwa kutoka kwa wakulima wa Mweiga mpaka kwa hoteli za mjini.

Hiyo pikapu ilipasua injini mwanzo wa mwaka. Ilipasua kabisa, chuma ikatokea kwa ubavu. Wakaenda Sagana, pale magari yenye yameanguka kwa barabara kubwa yanawekwa, wakapata injini ya gari lingine lililopinduka. Haikuwa ya pikapu yetu sawasawa, lakini ni ya ukoo moja, Muriithi akasema itakaa. Ilikuja imelala nyuma ya lori, imefunikwa gunia kama mgonjwa. Kitu moja tu ilikuwa imeumia: puli ya mbele, ile gurudumu ndogo inavuta mkanda ya feni, ilikuwa imepindwa na ajali. Muriithi akafungua puli ya injini yetu ya zamani, akaiosha na petroli, akaifunga kwa hii. “Imekaa kama ilizaliwa hapo,” akasema. Kariuki akafurahi, ati sasa hakuna haja ya kuzunguka tena kutafuta ingine. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na chai. Sisi wote tuliona hiyo puli ikifungwa, na sisi wote tukaisahau.

Sasa injini ikawaka, lakini ilikuwa inawaka kama mtu ameamshwa na matusi. Ikipanda mlima haina nguvu, unaweza kushuka ukatembea na yeye mkiongea. Maji inachemka kwa rejeta. Na ekzosi inapiga kama bunduki, mpaka mama mmoja wa kuuza sukumawiki alihama akaenda kuuzia mbele, akaniambia, “Nyambura, mimi roho yangu ni moja.” Asubuhi kuiwasha ilikuwa vita. Unazungusha ufunguo mpaka betri inakufa, na bado. Basi tukawa tunasukuma. Kariuki kwa usukani, mimi na Muriithi nyuma, kwa ile mteremko ya kwenda mtoni, matope inapanda mpaka kwa magoti. Ikishika mbio Muriithi anaita, “Tia pili!” Kariuki anatia gia ya pili, anaachilia klachi, gari inaruka, inakohoa, inaenda na inatuachia moshi kwa uso. Halafu mimi narudi kupanda hiyo mteremko nikawashe jiko. Kila siku ya Mungu. Majirani walikuwa wanaamka wanaomba, mimi naamka nasukuma. Nilikuwa nalala nikiota nasukuma.

Muriithi alifungua kila kitu. Kabureta ikatoka ikaoshwa ikarudi. Plagi zikabadilishwa. Mara ni petroli iko na maji, mara ni waya. Mwisho akasema ni taimingi, na hapo ndio alikuwa karibu, na hapo ndio alipotea. Alinieleza siku moja nikiwa nachagua maharagwe. “Shemeji, umewahi kuona wanawake wawili wakitwanga kwa kinu moja? Mmoja akiinua, mwingine anapiga. Injini ni hivyo. Pistoni inapanda, ikifika juu, moto inakuja kuisukuma irudi chini. Moto ikichelewa, nguvu inaenda bure, inatokea kwa ekzosi. Ikikuja mapema, inapiga pistoni kichwa ikiwa bado inapanda.” Nikamwuliza na nani anaambia moto saa yake. Akanionyesha distributa, ile kitu kama kikombe yenye nyaya, akaniambia ukiizungusha kidogo hivi unaharakisha moto, ukiizungusha hivi unaichelewesha.

Na alikuwa na taa. Gereji nzima ni yeye peke yake alikuwa nayo, alikuwa anaifunga kwa kitambaa safi kama sahani ya kanisa. Hiyo taa inawaka kila plagi ikitoa moto, tap tap tap, na ukiimulika puli inazunguka, unaona kwa puli kuna alama, mkwaruzo tu, na hiyo alama inaonekana kama imesimama. Ikisimama mbele ya kile kidole cha chuma kwa injini, basi taimingi ni sawa. Muriithi alimulika, alama ikasimama mahali pake. Akazima, akamulika tena. Sawa kabisa. Na gari inachemka, na sisi tunasukuma.

Nilikuwa sijajua mambo ni mabaya kiasi gani mpaka Jumapili moja mchana. Nilikuwa nimelala, nimechoka, na Kariuki alikuwa nje kwa ukuta anaongea na ndugu yake mwenye alikuwa ametoka Othaya. Ukuta ya mbao haina siri. Nikasikia Kariuki anasema, “Ikikataa mpaka mvua iishe, nauza vipande. Mimi nitatafuta kazi ya dereva mahali. Nyambura nitamrudisha kwa mama.” Ndugu yake akamwambia, “Mama atafurahi. Majani ya chai ni mengi na mikono hakuna.” Nililala hapo macho kwa bati. Hakuniambia, na mimi sikumwuliza. Wiki iliyofuata mama mkwe akatuma kikapu. Kikapu ya kuchuma chai, mpya, ya kubeba na mgongo, mshipi wake umepimwa kwa kichwa ya mtu wa kimo yangu. Kariuki akaiweka kwa kona bila kunieleza. Ilikaa hapo ikiniangalia. Nikipika iko, nikilala iko. Watu wengine walikuwa wanaomba gari ipone juu ya maziwa. Mimi niliomba juu ya hiyo kikapu.

Sasa siku moja Kariuki, akitoka Mweiga na maziwa, gari ikachemka kwa mlima kama kawaida yake. Akakasirika, akafungua boneti, akalegeza nati, akazungusha distributa na mkono, kwa kukisia tu. Gari ikapanda. Alirudi nyumbani anaimba, akanipiga mgongo kama mwanaume mwenzake. Nikaangalia kikapu nikasema moyoni, wewe sasa tutaona. Kesho yake Muriithi akaleta taa yake kupima kama kila siku, akamulika, akasimama.

“Nani ameshika distributa?”

“Ni mimi,” Kariuki akasema.

“Nani alikuambia ushike?”

“Ni gari ilinituma. Jana imepanda kama mbuzi.”

“Alama imeenda mbali kabisa. Hii itatoboa pistoni, Kariuki. Leo inapanda kama mbuzi, kesho utaibeba kwa kichwa.”

“Wewe unatengeneza alama ama unatengeneza gari?”

“Mimi sipimi injini na masikio. Wenye wanapima na masikio wako wengi, wengine wanakula hapa hapa. Wapelekee.”

Mafundi wengine wakacheka, na haikuwa kicheko nzuri. Muriithi akarudisha distributa kwa alama, na gari ikarudi kuwa mgonjwa. Baada ya siku chache Kariuki akaizungusha tena, na kwa sababu alikuwa na hasira akazungusha nyingi. Hapo ikaanza kugonga ikipanda, kama mawe ndani ya mkebe, na kuiwasha inapiga teke. Muriithi akasikia kutoka mbali. Akakuja anakimbia na spana, akairudisha kwa alama bila kuuliza. Na hapo Kariuki akasema ile maneno. Akasema mbele ya watu, “Labda wewe hutaki hii gari itoke hapa.”

Muriithi alienda kwa maji akanawa mikono, pole pole, mpaka kwa viwiko, akajipangusa. Mchana nilipakua sufuria yao nikaiweka pale kwa benchi na vijiko mbili, kama kawaida. Kariuki hakuketi. Akaniambia, “Nyambura, nipimie yangu kando.” Nilitafuta sahani nikikaa sana kwa kutafuta, nikidhani atabadilisha. Hakubadilisha. Muriithi akakula kutoka upande yake ya sufuria tu, ile nusu ingine akaiacha.

Basi wakawa hawaongei, na mimi nikawa simu yao. Asubuhi Muriithi bado alikuwa anakuja kusukuma, hakukosa hata siku moja, bega yake kando ya yangu, lakini kuita hataki. Ikishika mbio ananiambia, “Shemeji, mwambie atie pili.” Na Kariuki yuko hapo mbele, dirisha imefunguliwa, anasikia kila neno, na hatii mpaka mimi niite. “Tia pili!” Ndio anatia. Mchana ni hivyo hivyo. “Nyambura, mwulize kama ile plagi iko.” “Shemeji, mwambie iko kwa mkebe.” “Mwulize mkebe gani.” Na wamesimama mmoja hapa na mwingine pale, ukitupa mkate utapiga wawili. Mafundi walikuwa wanakufa na kicheko. Mimi nilicheka wiki ya kwanza. Baadaye nikachoka. Unajua kuchoka kwa kubeba maji? Kuna ingine ya kubeba maneno ya watu wazima, hiyo hata ukilala haitoki.

Mvua ikaanza kupungua. Siku moja ya Jumamosi gari ikazimika kabisa kwa mlima, ikakaa kwa jua na maziwa ndani, maziwa ikaharibika yote. Kariuki alivutwa mpaka nyumbani na trakta. Hakukula. Aliketi kwa kitanda akaniambia kitu yenye nilikuwa nishaisikia kwa ukuta: narudi kwa mama, na ndugu yake atakuja Jumatatu na gari ya kubeba vitu. Nikasema sawa. Nikachukua ile sweta nilikuwa nafuma nikaketi nje, kwa sababu ndani kulikuwa na kikapu.

Jumapili baada ya kanisa nikaona Muriithi anakuja, bado na koti ya kanisa. Akavua akaitundika kwa msumari. “Shemeji, mwambie bwana yako afungue boneti.” Kariuki alikuwa kwa mlango. “Mwambie imefunguliwa.” Muriithi akatoa plagi ya kwanza. Akaniita, akachukua kidole gumba yangu akaiweka juu ya hiyo shimo. “Ziba. Nikizungusha injini, utasikia hewa inakusukuma. Useme.” Akazungusha pole pole na spana. Mara ya kwanza hakuna kitu, kimya kama kuziba chupa. Halafu ikakuja, hewa, inasukuma kidole yangu kama ndama anatafuta titi. “Imekuja,” nikasema. Akaangalia mkono yangu ingine. Nilikuwa bado nimeshika sweta. “Hiyo sindano ni ya chuma?” Nikamwambia ni ya chuma. “Niazime.” Nikatoa nyuzi zote kwa sindano, kazi ya wiki nzima ikaning'inia hapo, na yeye akateremsha hiyo sindano kwa shimo, mpaka ikagusa pistoni. Akazungusha kidogo. Sindano ikapanda, ikapanda, ikapanda, ikasimama, ikataka kushuka. Akairudisha pale pa juu kabisa, akaacha spana. Akaenda mbele kuangalia alama.

Alama haikuwa hapo. Ilikuwa mbali, upande mwingine huko, hata mimi niliona. Pistoni iko juu na alama inasema bado. Muriithi akachuchumaa mbele ya hiyo puli. Akaigusa na kidole. Mimi nilikuwa nyuma yake naona shingo yake. Halafu akasema pole pole, kama anaongea na yeye mwenyewe, “Si hii ni ya ile injini ingine.” Kila injini na kile kidole chake cha chuma mahali pake, sasa puli ya ile ya zamani ilikuwa inaapa kwa hii mpya, na inaapa uongo, na yeye na taa yake wakiandika sawa, sawa, sawa. Angeweza kukwaruza alama ingine na msumari akanyamaza. Kariuki alikuwa kwa mlango, hangeona. Mimi singesema, mimi nilikuwa nataka tu gari iwake. Lakini alisimama akanigeukia mimi, hakuangalia mlango, akasema, “Shemeji, mwambie bwana yako makosa ni yangu. Hiyo puli ni mimi nilifunga. Moto imekuwa ikichelewa mwaka mzima, na nilikuwa nairudisha kuchelewa na mkono yangu. Mwambie yeye alipozungusha mara ya kwanza, alikuwa sawa.”

Nikageuka. Kariuki yuko hapo, amesikia yote. Lakini nilikuwa nimezoea, nikafungua mdomo nimwambie. Akainua mkono ninyamaze. Nikajua sasa atasema, atarudisha ile maneno yake. Akasema, “Mwambie chai inapoa.”

Walikunywa hiyo chai kwa benchi bila kuangaliana. Halafu Muriithi akakwaruza alama mpya pale pistoni iko juu, akaweka taimingi, na gari ikawaka kwa ufunguo. Ikanguruma laini hivi, mpaka nikaona ajabu, sikujua hiyo gari iko na sauti nzuri. Ndugu ya Kariuki alipokuja Jumatatu alipewa maziwa ya kupelekea mama. Kikapu ilibaki. Niliiweka nje, kuku wakataga ndani mpaka ikaoza, na sweta ile niliirudia yote kutoka mwanzo. Sufuria ikarudi kuwa moja. Pikapu tukaitumia mpaka watoto wakaanza shule, tukaiuza, Muriithi akahamia kwao Mweiga, wakawa wanatembeleana Krismasi mpaka miguu ikakataa. Lakini ile maneno haikurudishwa. Mimi nilingoja. Mwaka ukapita, miaka ikapita, wanakula pamoja, wanacheka, na mimi nikiwa hapo na chai nangoja. Muriithi hakuwahi kuuliza. Wakati mwingine Kariuki ananiambia usiku haupiti, nikimwuliza ni nini anasema ni miguu.

Tulimzika Alhamisi. Ilikuwa imenyesha na barabara ya kwenda kwake Mweiga unaijua, udongo nyekundu, unateleza kama sabuni. Gari ya maiti ikakwama tukiona nyumba, na ikazima. Dereva, kijana wa mjini, akazungusha ufunguo, ikakataa. Vijana wakavua koti wakaenda nyuma kusukuma. Sisi wazee tulikuwa gari ya nyuma yake. Kariuki akafungua mlango. Nikamwambia, “Mzee, kaa, utaanguka.” Akatoka na hizo viatu zake nyeusi, zikaingia matope zikapotea. Akatembea na fimbo mpaka kwa hiyo gari, akampa mtu fimbo, akaweka bega. Si mkono, bega. Vijana wakamwambia, “Guka, wacha sisi,” na yeye hawasikii, amefunga macho, anasukuma, na mimi najua hakuna nguvu hapo, hiyo bega haingeweza kusukuma hata mlango. Nikaenda nikaweka yangu kando yake. Na ikaanza kusonga. Pole pole, halafu ikashika. Akaniambia bila kufungua macho, “Nyambura. Mwambie atie pili.”

Vijana wakadhani anaongea juu ya dereva, mmoja akaita mbele. Lakini mimi nimekuwa simu ya hawa wawili. Nikakaribia kwa kioo ya gari, pale upande wa kichwa ya sanduku ya Muriithi, nikamwambia.